Sekunde Kumi na Moja za Mwalimu Elisifa

Ndugu waombolezaji, historia hii ameiandika marehemu mwenyewe kwa mkono wake, akaifunga kwenye bahasha, akaagiza ifunguliwe leo mbele yenu na isomwe na mdogo wake Godwin, asipunguze neno, asiongeze lake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake asichekeshe watu.

Mwalimu Elisifa Mathew alizaliwa tarehe 12 Agosti 1966 hapa Old Moshi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mathew, akaanza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1974, akasoma sekondari mjini, kisha chuo cha ualimu, na kuanzia 1988 hadi 2021 alifundisha hesabu, na wanafunzi aliowachapa wapo hapa, wamekaa wima mpaka sasa. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Julius, mkulima wa kahawa, mtu mpole, aliyefariki mwaka 2012, wakajaliwa watoto wawili, Eunike na Jovin.

Mwaka 2013 alianza kukimbia ili asishinde ndani akilia, na tangu hapo kila mwaka alikimbia marathoni ya Moshi, kilomita zote arobaini na mbili, akitafuta kitu kimoja tu, kumaliza chini ya saa nne. Kwa hiyo aliwadharau, na hata ndani ya sanduku anaendelea kuwadharau, wale wa mbio za kujifurahisha za kilomita tano, watu wazima na vitambi vyao, wanaovaa mawigi, wanaopiga picha kabla hawajatoka jasho, wanaosimama njiani kula mishkaki, halafu jioni wanakaa baa na medali shingoni, eti nao wamekimbia marathoni. Marathoni gani? Mbwa wa jirani akifukuza kuku anakimbia zaidi ya hapo. Na kinara wao alikuwa huyu Godwin, mpandisha watalii mlimani, mtu mzima na watoto wake, anayefunga majani makavu ya mgomba kiunoni na kujitanda kanga ya marehemu mama yao.

Jumapili tarehe 3 Machi 2019, Mwalimu akiwa amebakiza hatua chache kufika mstari wa mwisho, Godwin alimrukia na majani yake, akamkumbatia, akamzungusha, watu wakaangua kicheko, na saa ikaandika saa nne na sekunde kumi na moja. Mwalimu aliutangazia ukoo mzima kwamba mpuuzi yule amemwibia kazi ya miaka sita, akampa kisogo, hakumwalika kwenye harusi ya Jovin mwaka 2021, na mara tatu Godwin alipokuja getini kuomba radhi, akilia, aliambiwa Mwalimu hayupo, na Mwalimu alikuwa dirishani anamwangalia.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hospitali mjini, akamkataza Godwin kufika wodini, si kwa hasira tena, kwa aibu, na tarehe ya kufariki Godwin aitaje mwenyewe, kwa kuwa marehemu hakuwa na namna ya kuijua: Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024.

Marehemu anawashukuru madaktari, hata yule kijana aliyemwita bibi bila ruhusa, wauguzi, majirani walioleta mtori na maziwa, na walimu wenzake, ambao anajua fika kwamba walifuata chai.

Sasa Godwin asome polepole. Siku ile, kwenye kilomita ya thelathini na nane, kina mama wa kwaya walikuwa kando ya barabara wanaimba na kupiga ngoma, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kusimama njiani hata kunywa maji, alisimama, akacheza nao, dakika nzima na zaidi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoukaribia mstari wa mwisho saa yake ya mkononi ilikuwa imeshapita saa nne kabla Godwin hajanyanyua mguu. Alijua. Alinyamaza miaka mitano, kwa kuwa aliona heri amdharau ndugu yake kuliko kukiri kwamba na yeye alifurahi, na katika wapuuzi wote waliotajwa humu hakuna anayemfikia.

Chini ya karatasi hii Godwin atakuta jani la isale, Eunike ndiye aliyelikata, na sisi Wachagga tunajua kwamba anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, ila marehemu, aliyemkataa ndugu yake mara tatu, leo anampa ruhusa hiyo. Neno la kumalizia hakuliandika. Godwin akipenda aliseme, asipopenda akae.

Jani nimelichukua, dada. Pumzika kwa amani.