Utajiri wa Meja

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kibaraza cha Fundi Cherehani, na linakaa watu wanne wakibanana. Siku hiyo walikaa watatu, na hakuna aliyethubutu kujitanua. Fundi mwenyewe alikaa nusu, maana mguu mmoja ulikuwa kwenye cherehani. Katikati alikaa Dalali, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga, ingawa yeye bado anakaa kwa shemeji yake. Kule mwisho alikaa Profesa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi; cheo hicho alipewa kwa ajili ya miwani. Mama Birika, kwenye kigoda chake, alikuwa ameshawamiminia kahawa ya kwanza. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya Meja, na Meja alikuwa haonekani tangu juzi.

Ng'ambo ya barabara gari jeupe la Bosi wa Vigae lilikuwa limesimama mbele ya geti lake, likipiga honi mara mojamoja, bila matumaini. Geti lilikuwa la kisasa, la kubonyeza kidude likafunguka lenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ndani hamkuwa na mtu, na yule mlinzi aliyekuwa akifungua geti la zamani kwa mkono aliachishwa kazi siku ileile geti jipya lilipowekwa.

— Huyo ndiye tajiri wenu, alisema Dalali. Kafungiwa nje na mali yake mwenyewe.

— Labda anatuita, alisema Fundi. Jana pia alishusha kioo akatupungia mkono.

— Mtu anayetaka watu ashuke kwenye gari aje kwa miguu. Mimi siitwi kwa honi kama kuku anayefukuzwa barabarani.

Wote walikubali kwamba hilo lilikuwa neno la kiume, hata Mama Birika. Fundi akakata uzi kwa meno.

— Haya, tumwache Bosi. Meja yuko wapi? Suruali yake imekwisha. Mtu alikuwa ananisumbua kila asubuhi, Fundi, bado? Fundi, bado? Sasa suruali ipo, mwenyewe hayupo. Roho yangu haijatulia.

— Atakuja tu, alisema Dalali. Meja ataenda wapi?

— Nataka mtu aende kwake akamtazame.

— Nenda wewe. Si hapo tu, nyuma ya soko?

— Nyuma ya soko? Profesa alishusha miwani. Meja anakaa kule kwenye karakana za magari.

— Jamani, mimi kila jioni namwona akipandisha kilima, alisema Mama Birika.

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Siku zote yeye aliamini kwamba Meja anakaa jirani na kituo cha mabasi, na kama angeulizwa aliambiwa na nani asingejua la kusema. Alitaka kuinuka, hata mguu aliuondoa kwenye cherehani. Lakini honi ilipigwa tena, Dalali akacheka, na Profesa akakohoa kile kikohozi chake cha kuanza somo. Mtu wa kijiweni akishasikia kikohozi kile hainuki tena, na Fundi hakuinuka.

— Kosa lenu, alisema Profesa, ni kumwita yule tajiri. Katika jamii za zamani, zile za maisha mepesi, mtu hakuwa na hata kabati. Tajiri alikuwa mwenye watu. Akilima, watu hao wamekuja. Akijenga, wamekuja. Akiugua, huoni pa kuweka mguu.

— Na akipika?

— Wamekuja pia.

— Basi huyo si tajiri, huyo ni hoteli.

Mama Birika alicheka mpaka akashika birika lisimwagike. Profesa hakuyumba.

— Cheka. Lakini jamii ya kisasa imefanya nini? Imewatoa watu, ikaweka vitu mahali pao. Bosi alikuwa na mlinzi, akaona mtu wa nini, akaweka mota. Mota haina mtoto wa kuugua, haiombi ruhusa. Leo mota imeomba ruhusa.

— Profesa, nikupe utajiri wa kweli mimi ninayeingia nyumba za watu. Utajiri ni kufuli. Maskini ana mlango, hana kufuli, maana ataibiwa nini? Mwenye nafasi ana kufuli moja. Tajiri ana shada la funguo mpaka mfuko wa suruali unalala upande. Ukitaka kujua mtu ana nini, usimwulize. Hesabu funguo.

— Basi askari magereza ndiye tajiri wa nchi hii.

— Unaharibu hoja.

— Hoja imeharibika yenyewe.

— Sikiliza basi, Dalali alisogea mbele, akamkanyaga Fundi. Tajiri ni mtu asiyejua alicho nacho. Nimewahi kumpeleka mpangaji kwenye jumba la mama mmoja, tukafungua chumba, mwenyewe akashangaa, akauliza, hiki nacho changu? Huo ndio utajiri. Wewe chumba chako unakijua mpaka nyufa zake.

— Mimi nina sindano sijui ziko wapi, alisema Fundi. Nimeshakuwa tajiri?

— Wewe umeshakuwa mzembe.

Kahawa ya pili ikamiminwa. Upande wa pili Bosi alilaza kiti cha gari, akaonekana kidevu tu. Fundi alitupa jicho kule mwisho wa mtaa, pale anapotokea Meja akitembea wima, kifua mbele, kama anakwenda kupokea nishani. Hapakuwa na mtu isipokuwa mwanamke akining'iniza nguo.

— Kwani Meja alikuwa askari kweli? aliuliza, zaidi kwa kujisemea.

— Askari kabisa! alisema Dalali. Tazama anavyosimama.

— Askari gani, alisema Profesa. Alikuwa mlinzi wa benki.

— Alikwambia?

— Hakuniambia. Mambo hayo yanaonekana. Sasa Fundi, umenipa mfano wangu. Mchukueni Meja. Ana nini? Ana shati la bluu, shati la kijivu, na suruali moja iko kwako. Hana nyumba, hana gari, hana geti la kujifungua. Lakini ana nani? Ana sisi. Kila asubuhi anakuja hapa, anapata nafasi yake, anapata kahawa yake, anapata watu wa kubishana nao. Mtu huyo ana akiba, mabwana. Ni kwamba hatuitambui tu, kwa sababu haiwekwi benki.

— Ingewekwa vipi? Dalali tayari alikuwa amenaswa.

— Ingekuwepo benki ya watu. Unakwenda dirishani: naomba nitoe wajomba wawili, nahamisha nyumba. Karani anatazama, anakwambia, una mjomba mmoja tu, na yuko kwenye akaunti ya muda maalumu, humpati mpaka mwakani.

— Na mashemeji?

— Mashemeji ni riba. Wanaongezeka wenyewe.

— Aa, hapo nakukatalia! Dalali alisimama, kahawa ikamwagikia kiatu. Serikali ikishagundua kwamba marafiki ni mali, kesho yake itatoza kodi. Watakuja hapa, watahesabu benchi. Wewe una marafiki watatu, lipa. Watu wataanza kukana rafiki zao barabarani. Utanisalimia, nitakwambia, ndugu, sikufahamu, mimi ni maskini!

Walicheka wote, na Fundi naye akacheka, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha suruali ya mtu. Kicheko kilipopungua, Dalali, ambaye hapendi jambo liishe bila hukumu, akataka kura ipigwe. Nani tajiri zaidi mtaani, Bosi wa Vigae au Meja?

— Meja, alisema Profesa.

— Meja, alisema Mama Birika. Huyo kwenye gari hajawahi kununua hata kikombe kimoja kwangu.

— Haya, Meja, alisema Dalali. Mimi nakubali nikishindwa. Akianguka leo Meja, tuko wangapi hapa? Tutambeba. Akianguka Bosi atabebwa na nani, kidude?

Fundi alisema Meja pia. Alijisikia vizuri kusema hivyo. Wasiwasi aliokuwa nao tangu asubuhi ulipungua kidogo, akainama kushona mfuko huku akiwaza jinsi watakavyompokea Meja na habari kwamba amechaguliwa tajiri wa mtaa bila kugombea.

Alipoinua macho, dada mmoja mwenye sare ya hospitali alikuwa amesimama mbele yao, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Dalali. Unatafuta chumba?

— Hapana, baba. Natafuta ndugu wa mgonjwa. Mzee mmoja, mrefu, anatembea wima sana. Ana shati la bluu.

Mama Birika aliweka birika chini.

— Ana nini? aliuliza Fundi.

— Alianguka juzi, karibu na ile karakana ya kwanza. Damu imevilia kichwani. Hasemi, mdomo umekwenda upande. Daktari anataka kumpasua leo hii, anamtaka ndugu wa kuzungumza naye na kutia sahihi. Tumewangoja tangu juzi.

— Juzi! Fundi alisikia sauti yake imepanda. Nani alimpeleka?

Dada yule aligeuka akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara.

— Mwenye gari lile. Yeye ndiye aliyemwokota, akamlaza kwenye kiti cha nyuma. Hakuwaambia?

Wote walilitazama gari jeupe. Kidevu cha Bosi kilikuwa kimetulia, alikuwa amelala. Dalali akaanza kufuta kiatu chake chenye kahawa.

— Alitaka kutuambia, alisema Fundi. Hatukwenda.

— Sasa basi, alisema dada yule, na hakuwa na hasira hata kidogo, ana haraka tu. Tulimwuliza yeye jina la mzee, akasema halijui, ila watu wake ni nyinyi, anawaona naye kila siku. Kitandani kwake pameandikwa Mgonjwa, Mwanaume. Jina lake nani?

— Meja, alisema Dalali.

— Jina lake, baba. Alilopewa kwao.

Dalali akamtazama Profesa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Birika alisema taratibu kwamba kwake Meja siku zote aliomba kahawa bila sukari. Dada akangoja. Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, kwanza kwa uvumilivu, halafu kwa mshangao, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona watu wazima wakinyamaza namna ile kwa swali linaloulizwa watoto siku ya kwanza ya shule.

— Ana mke? Ana mtoto mahali? Simu ya mtu yeyote?

— Mimi, alianza Fundi. Mimi najua kiuno chake. Najua urefu wa mguu. Wa kushoto umepungua, karibu upana wa vidole viwili, ndiyo maana anajinyoosha akitembea. Hapendi watu waone. Huwa namkatia upande ule mfupi kidogo na hatulizungumzi.

Aliona aibu palepale, si ya kutojua, bali ya kuona kwamba hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo, na kwamba wenzake hawakuwa na hata hayo. Askari, mlinzi wa benki: walimvisha Meja kila walichotaka wao, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Miaka yote ile mdomo wake ulikuwa mzima.

— Nilidhani ni mtu wenu, alisema dada yule.

— Ni mtu wetu, alisema Profesa kwa sauti ndogo.

— Basi aje mmoja atie sahihi, daktari akikubali.

Fundi alisimama, akafunika cherehani, akaichukua suruali kwenye msumari na kuikunja kwapani. Hakujua mgonjwa wa kichwa ataifanyia nini suruali, lakini kwenda mikono mitupu hakuweza. Profesa akainuka naye. Dalali alisema yeye atabaki kuangalia benchi, kwani ni lazima mtu abaki. Mama Birika akamwambia kwamba benchi halina miguu.

Dada alitangulia kwa hatua za kazi. Wazee wawili walimfuata, wakipita ubavuni mwa gari jeupe, na Profesa akainamisha kichwa kama anamwamkia mtu, ingawa aliyekuwa ndani alikuwa bado amelala. Walikwenda mpaka mwisho wa mtaa. Profesa alikuwa akitafuta la kusema. Alizoea kulipata upesi.

— Tutamwambia daktari sisi ni nani wake? aliuliza mwishowe.

Fundi alisimama ghafla katikati ya njia.

— Profesa, wewe jina lako nani?

Profesa alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

— Unanitania.

— Nakuuliza. Tumekaa bega kwa bega mpaka ule ubao umebonyea. Kesho akija dada mwingine na sare, akiniuliza habari zako, nimpe nini? Nimpe vipimo? Taja. Taja na la baba yako.

Mbele yao dada aliwaita, wafanye haraka. Profesa akamsogelea Fundi, akalitaja la kwake, la baba, na la babu bila kuulizwa. Fundi alilirudia ili asilisahau. Lilikuwa jina zuri tu, wala halikuwa gumu, na kule kijiweni hakuna aliyewahi kulisikia.