Gia ya Tatu ya Mama Spidi

— Hebu niambie ukweli, Kamusi: nimezeeka au sijazeeka?

Kamusi alitazama ndani ya kikombe chake kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

Swali lilikuwa la Mama Spidi, mkunga mstaafu, na halikuwa la urembo. Tangu asubuhi alikuwa kwenye benchi la nje ya gereji, pale ambapo kahawa huuzwa na magari ya watu hujadiliwa na wasio na magari. Ndani, gari lake jekundu la milango miwili, la zamani, lenye kukimbia kama limeiba kitu, lilikuwa limeinuliwa juu na giaboksi imeshushwa chini. Gia ya tatu ilikuwa inasaga ikiingizwa, kisha inaruka yenyewe na kutoka. Mwanawe wa kwanza, ambaye benchi zima lilimwita Meneja kwa sababu ya tai, alikwisha kutoa hukumu: shida si gari, ni Mama. Mikono imechoka. Fundi akisema leo kwamba vyuma ni vizima, Mama amkabidhi yeye funguo, asiendeshe tena. Mama Spidi alikubali mbele ya wanawe wote, kwa hasira, na sasa alikuwa anasimama, anaketi, anasimama tena.

— Kaa, mama, kahawa inamwagika, alisema Rangi, mpaka rangi wa gereji.

— Imwagike. Nijibiwe.

— Uzee ni dhana, alisema Kamusi, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Chuma nacho kina uchovu wake. Uchovu wa kinasaba.

— Chuma kina nasaba? aliuliza Mama Spidi.

— Wa ndani kwa ndani, nina maana.

— Sema hujui, tupumzike.

— Mimi najua, Rangi alidakia. Ni hiyo nyekundu. Nyekundu inavuta jua, joto linashuka, linapika oili. Ningelipaka kijivu lisingeumwa.

— Wewe hata jino likiuma utasema lipigwe rangi.

— Mnachezea pembeni, Kamusi alikuja juu. Tatizo ni mizunguko ya barabara. Kila makutano tunazunguka upande uleule, miaka nenda miaka rudi. Gari limelalia upande mmoja, gia zote zimehamia huko, ya tatu imekosa pa kukaa.

— Basi tukaitafute kwenye buti, alisema Rangi.

Mama Spidi hakucheka. Alinyoosha vidole, akavikunja.

— Wewe Rangi ulizaliwa ukitanguliza miguu. Mkono huuhuu ndio uliokutoa. Leo haujui kuingiza gia?

Meneja akafika, tai begani, simu mkononi.

— Shikamooni wazee. Shikamoo Mama.

— Marahaba. Kaa mbali na kahawa yangu.

Kabla hajapata pa kukaa, Fundi alitoka na kitambaa kilicholowa oili. Juu yake palikuwa na vyuma viwili.

— Hii pete ya shaba ndiyo inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, alisema. Mifereji yake midogo ya kushikia imelika, imebaki laini kama ya ndoa. Ndiyo inayosaga.

— Umesikia? Mama Spidi alimgeukia mwanawe.

— Sawa, pete ni uzee wa gari, alisema Meneja. Na kuruka?

— Kuruka ni huu uma, Fundi akaendelea. Unaisukuma gia ikae mahali pake, kisha unatakiwa kupumzika. Huu haukupumzika. Tazama, umelika upande mmoja tu. Kuna mtu anaegemeza mkono kwenye mpini wa gia safari nzima.

— Si ndiyo hayo ninayosema? Meneja alijibu upesi. Mikono imechoka, inatafuta pa kuegemea.

— Mimi nashika usukani kwa mikono miwili.

— Wengi hufanya bila kujijua, alisema Kamusi, akifurahi kwamba hatimaye kuna jambo la kuafiki.

Mama Spidi alijaribu kuiona mikono yake ikiwa barabarani, akashindwa. Nani hutazama mikono yake? Huenda kweli. Huenda mkono ulikuwa unajilaza wenyewe, na yeye anabishana na watu kutwa nzima. Alifungua mkoba, akazitoa funguo.

Mwanamke mmoja aliyekuja kuziba pancha, na aliyekuwa amesimama kusubiri tairi lake, akakohoa kidogo.

— Samahani, jamani. Kwani gari hilo linaendeshwa na watu wangapi?

Kamusi alitafuta neno refu, hakulipata. Mama Spidi alifungua kinywa aseme mmoja, akakifunga. Akamtazama mwanawe.

— Jumapili si wewe unayelipeleka kuoshwa?

— Ndiyo.

— Hapo kona?

Meneja aliishusha tai kutoka begani, akaanza kuizungushia kidoleni.

— Nakuuliza, baba. Hapo kona?

— Siendi kona, Mama. Naingia nalo barabara kuu mpaka nafika mwisho. Mkono mmoja usukani, mmoja kwenye gia. Nimewaona vijana wanaendesha hivyo.

— Na hii kuruka?

— Iliniruka mimi kwanza. Ulikuwa bado hujalalamika. Nikakaa kimya, halafu nikakwambia ni mikono yako, kwa sababu nilijua ukiamini hivyo utanipa funguo.