Mashine ya Kufua Iko Ndani ya Wimbo Wangu

Asifiwe Mungu anayesikia mpaka chumba cha kufulia, ndugu zangu!

Nilikuwa napiga pasi kanzu ya baba mwenye nyumba hapo Al-Naseem, Riyadh, dereva wetu Kiprono akaja mlangoni na simu. "Mama Shiru, sikia huyu Mkenya! Anaimba country na Wazungu huko Amerika!" Nikasikia ng'ombe wa mama yangu akiitwa jina. Nikasikia maneno yangu yakitoka kwa mdomo wa Mercy, mwenzetu wa ibada. Kanzu ikaungua.

Wacha nirudi nyuma. Kwa madam, tajiri wangu, huwezi kuimba ovyo. Nilikuwa nangoja mashine ya kufua ianze kunguruma, ndio nifungue mdomo, kelele inifiche. Hapo ndipo nilitunga wimbo wa mama akikamua ng'ombe wetu Wairimu kwa baridi ya Kinangop, kwa ule mtindo wa country tuliozoea redioni nyumbani. Nikaurekodi kwa simu, mashine ikinguruma nyuma, nikamtumia Mercy, aliyekuwa anafanya kazi Al-Nuzha, Jeddah, aweke sauti ya pili tuimbe kwa ibada yetu ya simu siku ya Ijumaa. Sauti ya pili hakuweka. Alienda na ya kwanza, mpaka Amerika!

Mercy wa Likoni, mtu wa pwani! Ng'ombe alimwona wapi, kama si kwa pakiti ya maziwa? Leo yuko jukwaani na buti na kofia, mwimbaji wa Kimarekani amemshika mkono, ati watu wanasifu ule mdundo wa ajabu. Mdundo gani? Ni mashine ya madam!

Nilimpigia. Akasema, "Dada, wimbo ni wa Bwana, si wa mtu." Halas, basi, akakata simu.

Ndugu zangu, wivu ulinifunga koo! Sikuimba, sikuomba, hata chai ilikwama. Ndipo Dada Agnes wa Al-Suwaidi, anayetuongoza ibada, akaniambia, "Imba na hiyo hasira. Kwani Mungu ni madam, umfiche?"

Nikazima mashine. Nikaimba wazi! Madam akaja, akasimama mlangoni, akaenda zake. Koo likafunguka. Wivu bado uko, siwadanganyi, lakini hauninyongi tena. Wewe uliyeibiwa, mtegemee huyu Mungu, fungua mdomo!

Na wewe Mercy: kama wimbo ni wa Bwana, mbona jina lililoandikwa ni lako? Ingia ibada ya Ijumaa, wote wakisikia, utujibu jambo moja tu. Wairimu alikuwa rangi gani?