Bisibisi ya Fundi Sikio

Leo, tarehe 30 Juni, Fundi Sikio anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Alipoajiriwa, mimi mtunza stoo wenu nilikuwa bado navaa kaptula ya shule. Sasa nina kipara, na yeye nywele zake zote zipo. Haki iko wapi?

Jina la Sikio alilipata kwa bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba. Mafundi wengi husikiliza hivyo. Ila Sikio alisikiliza hata gari lililozimwa, na hapo ndipo vijana wapya walipokumbuka ghafla kwamba wana kazi upande wa pili wa uwanja.

Swali lake lilikuwa moja: nani alilifunga nati mara ya mwisho? Dereva wa mkurugenzi aliwahi kuapa kwamba gari halijaguswa. Sikio akasikiliza, akasema limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto, tena akiwa amenuna. Dereva ni mashoto, na jana yake alikuwa amegombana na mkewe. Tulicheka mpaka basi. Yeye hakucheka, na tangu hapo huegesha mbali.

Mimi nilikuwa wa chama cha kujifungia boliti mwenyewe. Nimlipe fundi wa nini, na simu imejaa video za kila kitu? Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumamosi, nilibadilisha pedi za breki mbele ya nyumba, mapacha wetu wakinishikia spana. Jumatatu tulikuwa tusafiri wote kwenda ukweni. Asubuhi hiyo nikapita karakana peke yangu kuaga, na kujionyesha kidogo, msinilaumu. Sikio akalizunguka gari langu, limezimwa, akaweka bisibisi kwenye gurudumu la mbele. Alikaa pale mpaka nikachoka kutabasamu. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mle ndani kuna watoto wawili wanalia.

Wanangu walikuwa nyumbani na mama yao, wazima, wakinywa chai. Tairi lilipotolewa, boliti ya breki ilikuwa imeshikwa kwa mizunguko miwili tu ya nyuzi zake. Tulisafiri kwa basi.

Siku hiyo akanisimulia habari za mdogo wake. Zamani mdogo wake alimwomba amfungie gurudumu la gari. Sikio, kachoka na kazi, akamjibu kuwa hicho ni kitu kidogo, afunge mwenyewe. Akafunga. Hakufika alikokuwa anakwenda. Tangu mazishi yale, Sikio anasikia.

Mganga hajigangi. Kigari chake cha bluu hakijawahi kuguswa na fundi mwingine, na yeye mwenyewe hukifungua nadra. Wiki iliyopita alinikabidhi bisibisi yake, nami nikaijaribu hapo hapo kwenye kigari hicho. Kimezimwa. Sikio kasimama mbele yangu, mdomo kaufunga. Kwenye gurudumu la nyuma nikasikia sauti ya kijana ikiita: kaka, kaka. Nywele zingenisimama kama ningekuwa nazo. Nilipomwambia, hakushtuka hata kidogo. Alisema humsikia kila siku, na kwamba mtu akilikaza gurudumu lile, yeye atampoteza mdogo wake mara ya pili.

Fundi wetu, asante. Kwa miaka yote hii hakuna gari lililotoka mikononi mwako likamdhuru mtu, na wanangu wapo hapa ukumbini, safu ya pili, wanakupungia mkono. Tunajua kwamba baada ya sherehe hii utakiendesha kigari chako hadi kwenu, safari ya siku nzima, milima mitupu.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa ukipigwa picha na mkurugenzi, wenzako tulikiinua kwa jeki. Nati tatu kati ya nne zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tumezikaza zote. Halafu nikaweka bisibisi, nikasikiliza, nikasikiliza tena. Kimya.

Utusamehe, kaka. Tunakutakia maisha mema, na ufike.