Bi Kizingiti Atoka Mlangoni, Arudi Foleni

Baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne ya kusoma kazi za watu na kuwaambia hapana, mwenzetu tunayemwita Bi Kizingiti alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 21, saa kumi kamili jioni. Saa kumi na dakika tano alikuwa raia wa kawaida. Leo tunamuaga. Wachoraji wapatao mia nane aliowakataa wameombwa wasije wote kwa pamoja, kwa sababu ofisi ina viti kumi na viwili.

Kwa wageni mliofuata keki tu, nieleze kidogo. Umoja wetu ni nyumba moja ya mtandaoni yenye katuni nyingi ndani yake. Kila mchoraji anabaki na kazi yake na uamuzi wake. Sisi tunampa tovuti, mitambo ya kuihifadhi na majirani wa kumsoma. Nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi mno. Aliyekaa mlangoni muda wote huu ni yeye, kwenye meza ya kona, juu ya duka la fundi cherehani, ambako sakafu hutetemeka kila mashine ikianza kushona.

Alikuja kwetu akitokea kufundisha hesabu shuleni, jambo ambalo waombaji walilijutia mapema. Siku ya kwanza aliandika masharti kwa mkono, akayabandika mlangoni, na hayajabanduliwa hadi leo. Katuni iwe na kurasa hamsini, zote zimeshatoka, mmoja kila wiki bila kuruka. Aliyeruka wiki kwa sababu ya kujifungua alimsamehe. Aliyeruka kwa sababu ya harusi alimrudisha nyumbani, akasema harusi hupangwa.

Kila ombi alilichapisha kwenye karatasi, akashika mkasi, akakata jina la mchoraji na kulitia kwenye kopo la biskuti. Kisha akamimina chai, akaiweka karibu na kuanza kusoma. Chai ikiisha kabla ya katuni, pole sana. Chai ikipoa bila kuguswa, kazi hiyo inakwenda kwa wanachama wote wapige kura. Huko nje watu wanaamini tuna mtambo wa siri wa kupima ubora. Jamani, tuna kikombe kilichovunjika mkono kikaunganishwa kwa gundi.

Mkasi ule haukujua undugu. Katika mwaka wake wa sita kazini, mkasi ulimpitia mtoto wa dada yake. Kijana akamfuata nyumbani Jumapili pamoja na mama yake, wote wamenuna, wakidai ndugu katupwa. Bi Kizingiti aliwakaribisha, akawalisha wakashiba, akawaapia kwamba hakujua katuni ni ya nani. Angejua, alisema, angemkataa siku tatu mapema.

Aliyepita alipata barua ya maneno mawili: umepita, kazana. Aliyekataliwa ndiye aliyepata kurasa tatu, kila kosa na mahali pake. Tunayo nakala ya barua moja inayomuuliza mchoraji kwa nini mke wa ukurasa wa kumi na mbili ana pete mkono wa kushoto, na kwenye ukurasa wa kumi na tatu iko kulia, na kama ameachika na kuolewa tena hapo katikati basi wasomaji waalikwe. Mchoraji huyo alirudi mwaka uliofuata, akapita. Barua bado ameibandika juu ya meza yake.

Na siku ya mijusi je? Ilikuja katuni ya mijusi wawili wanaogombea taa moja ukutani. Bi Kizingiti alicheka hadi fundi wetu wa mitambo akatoka mbio chumba cha pili akidhani kuna mtu kapaliwa. Chai ilipoa ikaota utando. Leo hiyo ndiyo katuni inayosomwa kuliko zote hapa kwetu, na mchoraji wake, muuza vipuri vya baiskeli, ndiye aliyeleta keki.

Mimi ninayeandika haya alinikataa mara mbili. Mara ya kwanza nilileta kurasa hamsini, kifua mbele. Barua ikanijia kwamba ni arobaini na tisa, maana nimehesabu na jalada, na jalada si ukurasa. Jalada! Nilinuna wiki mbili, nikamsimulia kila aliyekubali kusimama. Mara ya tatu nilipita, baadaye nikaajiriwa, na tangu Jumatatu meza ya kona ni yangu. Kikombe pia ameniachia.

Wengi mmeuliza mbona anaondoka akiwa bado ana nguvu, na ulimi pia. Hata mumewe alidhani amechoka, akaanza kutafuta mbegu za bustani. Hajachoka hata kidogo. Kati ya masharti yale ya mlangoni liko la saba, aliloliandika mwenyewe: mfanyakazi wa ofisi haruhusiwi kuomba nafasi.

Jumatatu saa mbili asubuhi alipanda ngazi, akagonga mlango aliozoea kuufungua mwenyewe, akanipa bahasha na kuketi kwenye benchi la waombaji. Aliniambia anachora tangu kabla hajaanza kufundisha, na kwamba miaka yote hii imempita hivihivi huku akiwafungulia wengine mlango. Mwaka jana akaanza kuitoa katuni yake kimyakimya, kwa jina la bandia, ukurasa mmoja kila wiki. Hakuna kitu alichowahi kukitaka zaidi. Akaniomba nisimpendelee, kisha akaenda zake. Nilikata jina lake kwa mkasi ule ule, nikalitia kwenye kopo.

Ni katuni ya mwalimu wa hesabu mwenye darasa la mbuzi wanaokula kazi zao kabla hazijasahihishwa. Nilimimina chai, nikasoma hadi mwisho. Halafu nikahesabu, kama alivyonifunza. Nikarudia. Nikamwita fundi wa mitambo, naye akahesabu kwa kidole. Arobaini na tisa, na jalada.

Bi Kizingiti, sijui ni haraka ya kutaka kuingia au umenitega uone kama nafaa kukaa hapo. Jibu ni lile lile, na nimeona nilitoe mbele ya mashahidi: ombi limekataliwa, jalada si ukurasa.

Ahsante kwa miaka kumi na tisa ya kutunyoosha. Sisi tuliopita na hao mia nane tunakutakia maisha mema, afya tele, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mashine ya mtu. Lakini Jumatatu ijayo ukurasa wa hamsini uwe mezani kwangu. Chai yangu ilipoa, Bi Kizingiti. Ilipoa kabisa.