Mzee Swali na Benchi la Chumba cha Kufulia

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, msimamizi wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye jalada lake la kazi ana majina matatu na cheo kirefu. Sisi tunamwita Mzee Swali, naye huitika.

Alianza kwa kusukuma toroli la mashuka machafu kutoka wodini. Mwaka wa tatu akahamishiwa kwenye pasi, enzi zile za pasi za mkaa. Zilipoletwa za umeme, wiki nzima alikuwa akiinua pasi na kuipuliza ubavuni ili moto ukolee, ndipo akumbuke. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Huenda ndiyo sababu, alipopewa usimamizi, hakuwahi kumcheka mtu aliyebabaishwa na kitu kipya.

Na vitu vipya havikuacha kubisha hodi. Kila mara utawala hubandika tangazo ukutani na kuhesabu kuwa watu wameelewa. Mzee Swali hajawahi kumwona mtu aliyetulizwa na tangazo. Akaweka benchi la mbao chini ya dirisha la chumba cha pasi, na sheria moja: kaa, lalamika mpaka chai iishe kikombeni, kisha uondoke na swali. Lalamiko alilisikiliza tu. Swali aliliandika kwenye daftari na kulifukuzia jibu, hata kama limejificha ofisini kwa mganga mkuu. Wapo waliojifunza kunywa chai polepole mno.

Miaka kumi na miwili iliyopita tuliletewa mashine kubwa ya kufulia. Mwezi haujaisha, fundi mitambo akaisifu mbele ya kila mtu: maji yanatoka safi kama yalivyoingia! Sote tukapiga makofi, isipokuwa Mzee Swali. Maji yaliyofulia mashuka ya wodini yana haki ya kuwa machafu.

Kesho yake aliwahi kazini, akawakuta akina mama wanne wamezunguka karai. Walikuwa wakifua mashuka yote kwa mikono, wanayasuuza, ndipo wanayatia mashineni. Hakufoka. Alikunja mikono ya shati, akafua nao mpaka karai likaisha, kisha akachemsha chai.

Wa kwanza kukaa kwenye benchi alikuwa Dada Povu, mkongwe wao, na barua ya kuacha kazi mkononi. Mikono yake ilikuwa imetoa madoa ya damu kwa miaka kumi na tisa; kama mashine inayatoa peke yake, alisema, afadhali atoke kwa miguu yake kabla hajatolewa. Mzee Swali hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia ukweli kwamba karai linaondoka na haliwezi kurudi. Chai ikaisha, Dada Povu akatoa swali lake kwa hasira: "Haya kaka, mashine yako ikiacha doa, nani ataliona?"

Barua ikaingia kwenye droo ya vifungo. Swali likaenda utawala mara tano, na mara ya tano likarudi na jibu: kila shuka litakaguliwa kabla ya kwenda wodini, na mkaguzi atakuwa Dada Povu. Wiki ya kwanza alirudisha mashuka kumi na moja, na fundi mitambo akapunguza sifa. Wenzake watatu, kila mmoja kwa swali lake, walipata nafasi: wawili chumba cha kushonea, mmoja jikoni. Hakuna aliyetoka getini na barua.

Jumanne iliyopita tulimwona Mzee Swali akipanga upya vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Dada Povu akammiminia chai na kumwonyesha benchi. Mzee akalalamika juu ya mgongo, juu ya sabuni ya siku hizi, juu ya msimamizi mpya anayetundika funguo upande wa kushoto. Kikombe kikaisha. "Kaka, swali," Dada Povu akamkumbusha. Akauliza: Jumatatu saa moja asubuhi, yeye atakuwa nani?

Tuliliandika kwenye daftari, kama alivyotufundisha, tukalifukuzia. Mkewe ametuma jibu kwamba kwake nyumbani mashine haijafika, na karai lipo. Seremala wa hospitali naye ametengeneza benchi la pili, litakalofikishwa kwake Ijumaa kwa toroli lile lile alilolianzia kazi. Na Dada Povu ameomba ruhusa ya Jumatatu asubuhi. Ana lalamiko, na anasema hapa hakuna wa kumpelekea.

Asante kwa miaka yote hiyo, Mzee Swali. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na birika lisilokauka. Wageni wako tunakuja.