Redio ya Wiki Moja

Sikilizeni wanangu, na wewe Boaz acha kucheka, maana hata anayekufa ana haki ya kukosea: nimeanza wosia kwa kukurithisha kiti hiki cha magurudumu, tena mbele ya majirani, kumbe ni cha kigango, kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu, na kesho Jumapili kinakwenda kwa mgonjwa mwingine. Haya, lifuteni hilo. Nimezunguka Chunya, Nyarugusu na Kahama nikitafuta dhahabu, nikarudi Kolandoto na kikohozi, na leo nagawa mali ya kanisa.

Lakini kwa kuwa niliazimwa kwa wiki mbili tu, kiti hiki sikukilaza: mlinisukuma mpaka mnadani, mpaka shambani kwa jirani yetu Suzana kutazama pamba, mpaka kwenye kaburi la mama yenu, ambalo kwa miaka sita, miguu ikiwa mizima, nililipita kwa mbali. Kingekuwa changu, sasa hivi mngekuwa mnakianikia nguo.

Ndivyo ilivyokuwa redio ile iliyo juu ya kabati. Luka, mdogo wangu, aliniazimisha kwa wiki moja, mwaka aliozaliwa binti yangu Scolastika huyu. Wiki ile nilikula nayo, nikaenda nayo machungani, sikupitwa na habari hata moja wala bei ya pamba. Siku ya kuirudisha ilipofika nikasema kesho, kisha nikamwambia imeharibika, kisha tukaacha kusalimiana. Ikawa yangu. Na tangu ilipokuwa yangu, nawaambieni kweli, sijaiwasha. Miaka thelathini na minne, moshi wa jiko lake nauona kila asubuhi nikiwapo nyumbani, nasema nitakwenda tu, siku si zipo.

Zimeisha. Ng'ombe wawili ni wa Boaz, shamba la bondeni la Scolastika, msigombane. Mkishanizika... nipe maji kidogo, mama... mkishanizika, mpelekeeni Luka redio yake, mwambieni haikuharibika, niliyeharibika ni mimi. Mungu awatunze, awape... awape watoto wenye masikio. Nimechoka, wanangu. Nimemaliza.

"Hatuipeleki sisi," Scolastika akasema, ameshaishusha redio kabatini na kuipangusa vumbi kwa khanga. "Kiti tunacho mpaka kesho. Shika redio ya watu, baba, twende."